Maji Kwenye Kofia ya Koti

Sikulia kwenye msiba wa mume wangu, na watu waliona. Kwetu Moshi mjane hukalishwa kwenye godoro chumbani, wanawake wakamzunguka, na kila anayeingia humtazama usoni kwanza kabla ya kumpa pole. Mimi nilipewa pole nyingi na nikazipokea zote vizuri. Mtu akisema pole namjibu nimeshapoa, akiuliza kama nimekula nasema nimekula. Jeneza lilipokuwa linashushwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba aliyoipanda baba yake, mimi nilikuwa nahesabu viti vya kukodi kwa macho, maana kulikuwa na maneno kwamba vingine vimehamishiwa kwa jirani. Vilipungua viwili. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mahubiri.

Binti yangu naye aliona. Ni mtoto wetu wa pekee. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani kwetu Magomeni, Dar, anasubiri kidato cha tano. Yeye alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akawa ananitazama kwa jicho ambalo hata leo sipendi kulikumbuka. Lakini macho yangu makavu hayakuwa kosa kubwa. Kosa kubwa nilikuwa nimeshalifanya siku nne kabla, na nitalieleza, ila kwanza nieleze duka.

Tuna fremu moja Kariakoo, na stoo ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Mtaa sitautaja, majirani zangu wanajua kusoma. Tunauza vitu vya mvua kwa jumla: makoti, miavuli, mabuti. Ni biashara yenye aibu kidogo ukiifikiria. Bonde la Jangwani likijaa maji na watu wakawa wanaokoa magodoro yao, kwetu huo ndio msimu mzuri. Mume wangu alikuwa anaijua aibu hiyo, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe mkali kwenye ubora. Alikuwa anasema kwamba ukimuuzia mtu koti la mvua akalowa, umemwibia mara mbili.

Kila mzigo mpya ulipofika, alifungua kila dazeni, akatoa koti moja, akaikinga kofia yake juu kama bakuli na kumwaga maji ndani. Kofia ndipo panapovuja, kwa sababu ndipo mishono inapokutana. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja ashike ukingo mmoja huku anamwaga, mwingine ashike ukingo wa pili. Huyo wa pili alikuwa binti yetu. Tangu ana miaka sita, kila Jumamosi alikuwa anasimama juu ya kigoda mlangoni pa duka, ameshika kofia kwa mikono yote miwili, ulimi nje. Baba yake anahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, halafu anauliza, "Linavuja?" Mtoto anainama, anachungulia chini, anapapasa kwa kiganja, kisha anawatangazia wateja, "Halivuji." Watu wanacheka na kununua.

Koti lililofaulu lilipigwa alama ya vema ndani ya kola kwa kalamu nyeusi. Vema yake ilikuwa na mkia mrefu unaopanda mpaka karibu na tundu la kifungo. Likikauka linarudishwa juu ya dazeni yake. Likivuja, dazeni nzima inatengwa. Wenzetu wa mtaani walimtania kwamba anafua mali kabla ya kuiuza, na yeye aliwajibu kwamba wao wanaiuza na uchafu wake.

Kiharusi kilimpata mwezi wa pili, siku chache baada ya kumaliza kupima mzigo wa katoni arobaini za mteja wetu wa Zambia. Alilala hospitali siku nne. Alfajiri ya siku ya tano nilikuwa nimeshika mguu wake juu ya shuka, nesi akaja, akanigusa bega, akaniomba nitoke kidogo. Nilimpigia shemeji yangu, akafika haraka, akachukua karatasi zote mkononi mwangu. Akaniambia, "Shemeji, nenda nyumbani kwa mtoto. Haya mengine niachie mimi."

Nikapanda bajaji. Dereva akauliza, "Wapi mama?"

Nikamwambia Kariakoo.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu ya jibu lile. Lori la mzigo wa Zambia lilikuwa linaondoka saa nne asubuhi, hiyo ni kweli. Lakini lingeweza kusubiri, na kama lisingesubiri, lingeondoka bila katoni zetu na dunia isingeharibika. Nilifungua duka saa mbili kama kawaida. Nikaita makuli, wakapanda stoo, wakashusha katoni moja moja, nami nimesimama chini naziwekea alama kwenye daftari. Kiongozi wao, mtu wa siku nyingi pale mtaani, alitua katoni akanisalimia. "Shikamoo mama. Mzee anaendeleaje?"

"Hajambo," nikamwambia.

Ilikuwa imetimia saa tatu na nusu binti yangu aliponipigia. Jirani alikuwa amesikia kutoka kwa ndugu wa shemeji, akaingia kwetu kumpa mtoto pole kabla mtoto hajajua anapewa pole ya nini. "Mama, uko wapi?" akauliza. Nyuma yangu makuli walikuwa wanapiga kelele, "Pisha, pisha, mzigo." Nikamjibu nilipo. "Dukani." Akakata simu.

Hilo ndilo kosa. Hakulisema mbele za watu, na angelisema ningefarijika. Alikaa nalo. Tulirudi Dar, wiki zikapita, akawa ananisalimia shikamoo asubuhi na kuniaga usiku, na katikati hapakuwa na kitu. Mimi nilikuwa nakwenda dukani na kurudi. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona upo lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Kisha wifi yangu wa Moshi akapiga simu kwamba amepata shule ya kutwa karibu na kwake, mtoto aende mwezi wa saba akakae naye. Binti akaniambia yeye mwenyewe, sebuleni, amesimama. "Nitaenda kwa shangazi. Na nikimaliza sidhani kama nitarudi hapa."

Nikasema sawa. Niliogopa sana, lakini hofu yenyewe ilikuwa mbali, nikawa naisikia tu kama redio ya chumba cha pili.

Yule mteja wa Zambia ndiye aliyetuita. Ni mama wa Livingstone, ana miaka zaidi ya kumi akija Kariakoo, na Kiswahili chake chote amekinunua humo humo madukani, kwa hiyo anajua kupatana bei kuliko kuomba maji ya kunywa. Alipopata habari alilia kwenye simu kwa muda mrefu, mimi nikawa namtuliza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anamwambia mume wangu aje aone maporomoko ya kwao, Mosi-oa-Tunya, na mume wangu alikuwa na jibu lilelile: duka likitulia. Sasa akasema, "Dada, njoo na mtoto. Njoo uone maji."

Nilikubali kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya kuhusu binti yangu. Nilidhani maji mengi kiasi kile lazima yatafanya kitu. Yeye alikubali, nadhani, kwa ajili ya baba yake.

Tukasafiri mwezi wa nne. Basi mpaka Tunduma, foleni ya mpakani, kadi ya njano ya chanjo, basi jingine mpaka Lusaka, na jingine tena kushuka Livingstone. Safari nzima tulizungumza kuhusu choo, chakula na begi. Kule Dar masika yalikuwa yameanza na barabara ya Jangwani ilikuwa imefungwa tena. Kijana niliyemwachia duka alinitumia ujumbe kwamba makoti yanaisha. Nikasoma, nikaifunika simu kwenye paja ili binti asione, naye alikuwa ameshaona.

Mwenyeji wetu alitupeleka asubuhi iliyofuata. Tulipokuwa bado mbali alituonyesha wingu jeupe linaloinuka kutoka ardhini, akasema hayo ndiyo maji yenyewe yanarudi juu. Getini yeye alibaki kwenye kivuli. Alisema ameyaona maporomoko maisha yake yote na miguu inamuuma.

Pale getini kuna watu wanaokodisha makoti ya mvua, maana mwezi wa nne mto umejaa na ukikaribia unalowa mpaka ndani. Makoti yalitundikwa kwenye kamba, ya bluu na ya njano. Nililishika la kwanza kabla hata sijasalimia. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa bega, nikavuta kifungo, nikageuza pindo. Nilijua mara moja. Ilikuwa mali yetu. Mwenye makoti akanitajia bei ya kukodi kwa saa moja, na mimi, mke wa Mchaga na Mchaga mwenyewe, nikaanza kubishana naye. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Kariakoo kwamba koti hili nalijua tangu likiwa kwenye katoni na bei hiyo haiwezekani.

"Mama," binti akasema nyuma yangu. "Hata hapa?"

Akachukua koti la njano, akaweka hela mezani kama ilivyotajwa, akaondoka bila kunisubiri. Nilimwona mgongo wake ukiingia kwenye miti. Nikalipa na mimi, nikapewa la bluu, nikamfuata.

Nitasema ukweli kuhusu maporomoko. Niliyaona. Ni makubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Mto mzima unafika mahali, ardhi inaisha, na mto unaendelea kana kwamba haujaambiwa. Mngurumo wake unausikia kifuani kabla ya masikioni. Kulikuwa na upinde wa mvua, si nusu, karibu duara zima, na wazungu wawili waliokuwa karibu yangu walishikana mikono. Nilisimama nikajiambia, hiki ni kitu kizuri. Nikasubiri. Halikuja lolote. Nilifikiria kwamba mabuti yangeuzika vizuri hapa, kwa sababu kila mtu alikuwa amelowa viatu. Nikajichukia kwa wazo hilo, lakini chuki hiyo nayo ilikuwa ndogo tu.

Mbele kuna daraja jembamba la kupita kwa miguu, linalovuka bonde upande unaotazamana na maji. Pale hunyesha mvua kubwa kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Watu walisimama kabla ya daraja kufunga makoti yao. Nami nikalikunjua la kwangu nilivae, na ndani ya kola nikaona alama ya vema, nyeusi, yenye mkia mrefu unaopanda mpaka karibu na tundu la kifungo.

Sijui nilikaa na kola ile mkononi kwa muda gani. Watu walinipita. Katoni arobaini, na katika kila dazeni koti moja, na moja ndilo nililopewa. Kitambaa kile tulikuwa nacho kwenye mzigo ule tu, kwa hiyo alikuwa ameliandika siku chache kabla ya kuanguka. Na mimi ndiye niliyelitoa stoo asubuhi ile, nikalipakia lori, nikasema hajambo.

Nikaingia darajani bila kulivaa. Nilikuwa nimelikumbatia. Nililowa mpaka kwenye ngozi kabla sijafika katikati, na katikati ndipo binti yangu aliposimama, ameshika chuma cha daraja, kofia yake ya njano imefunika uso. Akageuka akaniona. Nikaona mdomo wake ukisema, "Mama, vaa koti." Sauti haikusikika.

Sikuvaa. Nikaikunjua kola, nikamwekea kidole kwenye ile alama. Aliinama kuitazama. Akaitazama sana. Kisha nikafanya kitu ambacho sikukipanga: nikaikinga kofia ya koti juu, nikaushika ukingo mmoja kwa mikono yangu, na ule wa pili ukawa unaanguka anguka, haushikwi na mtu.

Akaushika.

Tukasimama hivyo, mimi upande huu na yeye upande ule, watu wakipita kwa ubavu wakitushangaa. Maji yakaanza kujaa kwenye kofia. Hayakuhitaji jagi. Nikahesabu mpaka ishirini, na nina hakika naye alikuwa anahesabu, kwa sababu nilipofika ishirini yeye ndiye aliyeinama kuchungulia chini. Akapapasa kwa kiganja. Akakitazama kiganja chake. Halafu akanitazama mimi na kutikisa kichwa, kwa maana kwamba hajui. Kule kila kitu kimelowa juu na chini. Hata kama lingekuwa linavuja, usingejua.

Alianza kulia pale pale, hakuachia ukingo. Mimi sikulia. Nilitaka, nasema wazi kwamba nilitaka, lakini hapakuwa na kitu. Nilimshikia koti tu mpaka alipomaliza.

Baadaye tulikaa kwenye benchi mahali pakavu kidogo, nguo zinachuruzika. Akauliza bila kunitazama, "Makoti haya ndiyo ya siku ile?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulienda dukani?"

"Sikujua pa kuiweka mikono," nikamwambia. "Kama ningekuja nyumbani ningekukuta wewe, na ningekuambia, na ingekuwa kweli. Pale dukani makuli waliniuliza hali yake, nikasema hajambo. Kwa saa moja na nusu alikuwa hajambo."

Alikamua pindo la nguo yake. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa peke yangu." Nikamwambia najua. Hakusema amenisamehe na sikumwomba, maana hakukuwa na namna ya kuomba kitu kama kile kwenye benchi.

Tulipofika getini nilimwambia mwenye makoti nalinunua lile la bluu. Akataja bei, na ilikuwa bei ya kichaa. Nikatoa hela nikampa. Binti alinitazama wakati nafunga pochi. "Hujapatana," akasema. Nikamwambia twende, mwenyeji wetu anasubiri.

Sitaki kudanganya kwamba tulirudi Dar watu wapya. Mwezi wa saba alikwenda kwa shangazi yake kama alivyosema. Nilimsindikiza stendi, nikamnunulia maji na karanga, nikamwambia asome. Begi lake lilipokuwa linaingizwa kwenye buti la basi niliona koti la bluu limekunjwa juu kabisa, chini ya mkanda. Nyumba ya Magomeni ikawa kubwa. Jioni nilikuwa napika kwa ajili ya watu watatu, nagawa kwa majirani. Sikuwa na huzuni ya kusimulia. Nilikuwa nalala vizuri, na hilo lilinitisha zaidi.

Vuli ilichelewa mwaka ule. Ilipoanza, ilianza siku ya Jumamosi asubuhi, na kufikia saa tano Kariakoo nzima ilikuwa inatafuta makoti na miavuli. Mlangoni kwangu kulikuwa na foleni. Makuli walikuwa wanashusha katoni kutoka stoo, "Pisha, pisha," na mbele yangu alisimama mama mmoja mgeni kutoka Morogoro anataka dazeni sita. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Uko wapi?"

"Dukani," nikasema.

"Huku mvua inanyesha tangu usiku," akasema. "Mimi na shangazi tumelijaribu lile koti. Ndani, jikoni, pakavu. Yeye ameshika upande mmoja, mimi nimemwaga jagi zima. Nimehesabu mpaka ishirini." Nikasikia mvua ya kwao na mvua ya kwangu. "Halivuji, mama."

Nikasema sawa.

"Shule ikifungwa nashuka Dar," akasema. "Krismasi tupande wote."

Watu wa kwetu wote mwezi wa kumi na mbili hupanda Moshi. Yeye yuko huko tayari. Hakuna mtu anayeshuka Dar kwa safari ya kutwa nzima ili apande tena wiki inayofuata. Nilimwambia nitamsubiri stendi, na akakata.

Mama wa Morogoro alikuwa bado ameshika hela zake mkononi. Nilimwomba aniwie radhi, aje kesho. Akanitazama usoni, na sijui aliona nini, maana aliniwekea mkono begani. "Kuna nini mama, kuna msiba?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mume wangu amefariki."

Nikawaambia makuli warudishe katoni juu. Nikashusha mlango wa chuma nikiwa ndani, mvua inapiga barabarani na foleni bado imesimama, nikakaa juu ya kile kigoda cha mtoto.